Cheti cha Ukaguzi na Pikipiki Kuukuu

Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu wa Ufipa, khususan wenyeviti wa vijiji, walimu na wenye pikipiki wa Kasesya na Matai, jambo ambalo watu wengi hulichukua kinyume. Mtu akiisha kubandikiwa stika ya ukaguzi, hudhani kwamba pikipiki yake imekuwa nzima kwa mwaka mzima. Sivyo. Cheti ni ushuhuda wa siku moja. Mkaguzi amekiona chombo saa fulani, kikiwa kimesimama, hakina abiria wala gunia la mahindi, na breki zake zi baridi. Juma la pili waya waweza kukatika, wala mkaguzi hakusema uongo.

Mambo haya si ya nchi yetu peke yake. Huko Uingereza ukaguzi wa kila mwaka ulianza 1960, kwanza kwa vyombo vilivyotimiza miaka 10, na baadaye umri huo ukashushwa hata miaka 3. Serikali ya huko yenyewe huwaambia watu wake kwamba cheti hakithibitishi kuwa chombo kitakuwa salama muda wote wa cheti, tena kwamba hali ya injini, klachi na giaboksi haimo katika ukaguzi. Kwetu, Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 yamkataza mtu kuendesha barabarani chombo kibovu, wala haikutaja siku ya ukaguzi tu. Basi mzigo ni wa mwenye chombo na dereva wake, kila asubuhi.

Pikipiki si ngeni katika pande hizi. Mwezi Novemba 1918 alikuwa ni mpanda pikipiki Mwingereza, akichukua habari za kusimamishwa vita, aliyekamatwa na askari wa Wajerumani upande wa Kasama. Na ndivyo von Lettow-Vorbeck alivyopata kujua kwamba vita vimekwisha Ulaya. Tarehe 25 ya mwezi huo aliweka silaha chini Abercorn, ndio mji uitwao leo Mbala, ng'ambo ya mpaka wa Kasesya. Lakini pikipiki ndogo tuzionazo leo vijijini zina asili nyingine. Nyingi zafuata mfano wa Honda CG125, iliyotoka 1976. Injini yake ilitengenezwa makusudi kwa nchi ambazo mafundi ni wachache na oili hubadilishwa kwa kuchelewa: vali zake husukumwa kwa fito, wala hakuna mnyororo mrefu ndani wa kulegea. Ndiyo sababu injini ya namna hiyo huweza kunguruma vema hata chombo kikiwa kikuukuu, na hapo ndipo penye hatari. Mtu husikia mlio mzuri akadhani kila kitu ni kizima, kumbe kilichochakaa ni breki na magurudumu.

Ukaguzi huona vizuri mambo ya nje: taa, honi, vioo, ishara za kukata kona, kina cha tairi. Hata hayo yana udanganyifu wake, kwani kioo huweza kuazimwa kwa jirani asubuhi na kurudishwa jioni. Taa nayo ina siri. Katika pikipiki nyingi za zamani taa ya mbele hupata umeme moja kwa moja kutoka katika injini, si katika betri. Mbele ya mkaguzi dereva huvuta mafuta na taa hung'aa. Usiku, katika ukungu wa Ufipa, akienda polepole kwa kuogopa shimo, taa hufifia papo hapo anapoihitaji sana.

Lakini jambo lililo kubwa kwetu ni mteremko. Uwanda wa Ufipa karibu na Sumbawanga una urefu wa kama meta 1,800 juu ya bahari, na Ziwa Tanganyika pale Kasanga li kama meta 770. Atokaye juu kwenda ziwani hushuka zaidi ya meta 1,000. Tufanye hesabu, na walimu wataweza kuwapa watoto shuleni. Pikipiki ina kilo 110, watu wawili kilo 130, mzigo kilo 30. Jumla kilo 270. Uzito huo ukishuka meta 1,000 hutoa nguvu ambayo, ikigeuzwa kuwa joto, yaweza kupasha karibu lita 8 za maji baridi hata zichemke. Sehemu ya nguvu hiyo huchukuliwa na upepo na njia yenyewe. Nyingine sharti ichukuliwe na injini au breki. Dereva akiweka gia huru ili apunguze mafuta, injini haisaidii tena, na joto lote hilo huingia katika ngoma ndogo za breki, ambazo upana wake ni milimita 110 au 130 tu. Ngoma ikipata moto sana huvimba, na breki shuu hupoteza mkamato. Dereva hukanyaga na chombo hakisimami. Breki iliyopita ukaguzi kwenye uwanja tambarare yaweza kushindwa hapa, hata ikiwa nzima. Afadhali kushuka kwa gia ileile ambayo mtu angepandia.

Yafaa basi mwenye pikipiki ajue kutazama yale yasiyoonekana upesi. Kwanza, nati ya kukazia breki ya nyuma: ikiwa imekwisha kukazwa hata mwisho wa uzi wake, breki shuu zimekwisha, na kuzidi kuikaza ni kujidanganya. Waya wa breki ya mbele na utazamwe pale unapoingia katika mkono wa usukani, maana nyuzi zake huanza kukatika hapo, mojamoja. Kisha gurudumu la mbele liinuliwe juu ya kigogo, mtu ashike shokapu kwa chini, asukume na kuvuta. Pakigonga, beringi za usukani zimelegea. Ageuze usukani taratibu huku na huku. Ukinasa katikati kama ulioingia katika kishimo, beringi zimekwisha kula. Spoki zigongwe kwa spana moja baada ya moja. Iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa sauti butu. Nadhani hapana haja ya kuwafundisha sana jambo la kusikiliza chuma watu ambao babu zao walikiyeyusha katika matanuri marefu ya malungu.

Mnyororo, katika pikipiki nyingi ndogo, hutakiwa kucheza milimita 20 hadi 30 katikati. Ukiushika nyuma kabisa ya sproketi kubwa na kuuvuta, ukaacha nusu ya jino wazi, hauwezi kukazwa tena. Ununuliwe mpya pamoja na sproketi zake.

Tairi latazamwa kina chake, na watu husahau umri. Ubavuni mwa tairi mna tarakimu nne za mwisho katika alama ya kiwanda: 1208 maana yake ni juma la 12 la mwaka 2008. Tairi la namna hiyo laweza kuwa na kina kizuri kwa sababu limekaa ghalani, na huku mpira wake umekauka na kupasukapasuka. Mkaguzi mwenye haraka hulipitisha.

Neno lingine ni la hewa. Pikipiki iliyonunuliwa pwani ikaletwa Sumbawanga hukosa nguvu na hutoa moshi mweusi, maana hewa ya juu ni nyepesi na kabureta bado hutoa mafuta kwa kipimo cha pwani. Mwenyewe asikimbilie kuuza injini. Fundi apunguze mafuta, asafishe kisafisha hewa, atazame plagi kama ina masizi. Moshi wa buluu ni habari nyingine: hiyo ni oili inayoungua, na oili ya pikipiki hizi ni kama lita moja tu, hivyo ikipungua kidogo injini hukauka njiani. Ipimwe asubuhi, chombo kikiwa kimesimama wima, kabla abiria hajapanda.