Upepo wa Tairi: Kipimo Kinachofaa kwa Gari la Abiria na Mizigo

Gari aina ya Hiace au Noah linapotoka Kegonga kuelekea Tarime asubuhi, hubeba wanafunzi, wagonjwa, wafanyabiashara na magunia ya mahindi kwa pamoja. Uzito huo wote huegemea matairi manne, na kinachoubeba hasa si mpira bali hewa iliyomo ndani yake. Hewa ikipungua au ikizidi, usalama wa kila aliyemo garini hupungua. Somo hili linaeleza namna ya kuchagua kiwango sahihi cha upepo, na linawahusu madereva, wamiliki na abiria.

Kiwango sahihi huandikwa wapi?

Kiwango hakipatikani kwa kukisia wala kwa kulipiga tairi teke. Mtengenezaji wa gari hukiandika kwenye kibandiko kilichobandikwa aghalabu katika nguzo ya mlango wa dereva, na pia katika kitabu cha gari. Magari mengi yaliyoletwa kutoka Japani yana kibandiko cha Kijapani, lakini tarakimu zake husomeka na kila mtu. Kwa kawaida huwa katika kilopaskali, yaani kPa, ilhali geji nyingi za mafundi husoma PSI. Ili kupata PSI, idadi ya kPa hugawanywa kwa 6.9. Kwa mfano, kibandiko kikionesha 240 kwa matairi ya mbele na 300 kwa ya nyuma, geji isome takriban 35 mbele na 43 nyuma.

Namba ya upepo iliyochapwa ubavuni mwa tairi lenyewe ni kitu kingine: huonesha kikomo cha tairi, si kiwango ambacho gari linahitaji. Kujaza hadi kikomo hicho bila kuangalia kibandiko ni kosa.

Mzigo na aina ya tairi

Baadhi ya vibandiko huonesha viwango viwili, kimoja cha gari jepesi na kingine cha gari lililojaa. Gari linalobeba abiria na mizigo kila siku lifuate kile cha gari lililojaa. Katika magari ya namna hii, matairi ya nyuma mara nyingi huhitaji upepo mwingi kuliko ya mbele, kwa kuwa mzigo mwingi huwekwa nyuma.

Upepo, hata hivyo, hauongezi nguvu ya tairi lisilofaa. Baada ya namba za ukubwa, tairi huwa na namba ya uwezo wa kubeba. Namba 91, inayoonekana kwenye matairi mengi ya magari madogo, ina maana ya kilo 615 kwa tairi moja; namba 106, ya matairi ya magari ya mizigo mepesi, ina maana ya kilo 950. Tairi la gari dogo likifungwa kwenye Hiace, hata likijazwa namna gani, uwezo wake hubaki ule ule.

Namna ya kupima

Upepo hupimwa tairi likiwa baridi: asubuhi kabla ya safari, au baada ya gari kuegeshwa kwa saa tatu au zaidi. Tairi lililotembea hupata joto na geji husoma juu zaidi. Dereva asipunguze upepo kwa sababu hiyo, maana tairi likipoa litakuwa chini ya kiwango. Kwa magari ya abiria, ni vyema kupima angalau mara moja kwa wiki, pamoja na tairi la akiba, kisha kifuniko cha valvu kirudishwe ili vumbi na tope visiingie.

Wapo wanaopunguza upepo ili gari lisirukeruke kwenye barabara ya changarawe au lisikwame kwenye tope. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja ubavuni kila linapozunguka, na kujikunja huko huzaa joto. Gari likiwa limejaa na likienda kasi, joto hilo huweza kulipasua tairi. Aliyelazimika kupunguza upepo ili kujinasua aende polepole, kisha ajaze kabla ya kuendelea na safari kwa kasi ya kawaida.

Tairi husema lenyewe

Tairi lililolika pande zote mbili, katikati likiwa bado zuri, limetumika likiwa na upepo mdogo. Lililolika katikati pekee limejazwa kupita kiasi. Tairi la namna hiyo hugusa ardhi kwa eneo dogo, na breki hupungua nguvu, hasa mvua inaponyesha. Lililolika upande mmoja tu huashiria tatizo la mpangilio wa magurudumu, nalo lipelekwe kwa fundi.

Abiria naye ana nafasi yake. Akiona tairi limebonyea kuliko mengine, lina uvimbe ubavuni au nyuzi zake zimetokeza, amweleze dereva kabla ya kupanda. Kupima matairi manne huchukua dakika chache. Tairi likipasuka kwenye mteremko, dereva hapati hata dakika moja ya kujirekebisha.