SOMO LA LUGHA: MAJI YAMECHEMKA AU YAMEPATA MOTO TU?



Leo tujifunze maneno ya kutengeneza vinywaji. Pengine utasema, "Mimi chai nimepika tangu zamani, nifundishwe nini tena?" Subiri kidogo. Neno moja likikosewa, mtu anaweza kuugua.

1. Chemka na chemsha

Maji huchemka. Mtu huyachemsha. Ile "sha" inaonyesha kwamba yupo anayefanya kazi. Vivyo hivyo sukari huyeyuka, mtu huiyeyusha. Chai hupoa, mtu huipoza. Mtoto hunywa, mama humnywesha.

2. Kupata moto siyo kuchemka

Maji yaliyopata moto ni ya kuogea. Maji yaliyochemka yanatokota kwa mapovu makubwa. Hapo una hakika kuwa vijidudu vya kipindupindu vimekufa. Mwaka 1 tu tukumbuke: mwaka 2015 kipindupindu kilizuka Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, kikafika hata kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Basi usimwambie mtoto, "Pasha maji ya kunywa." Mwambie, "Chemsha maji mpaka yatokote."

3. Kuagiza na kukataza

Mtu mmoja: chemsha, chuja, koroga.
Watu wengi: chemsheni, chujeni, korogeni.
Kukataza: usimwage, msimwage.
Kwa mkubwa wako: "Mama, naomba uchuje chai."

4. Soma, kisha tengeneza

Mtoto akiharisha, mpe dawa ya ORS ya zahanati, ukifuata maandishi ya pakiti. Kama huna, fanya hivi:

Chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa.
Tia sukari vijiko vya chai 6 na chumvi nusu kijiko cha chai. Kijiko kiwe sawasawa, kisifanye kilima.
Koroga mpaka viyeyuke.
Onja. Chumvi isizidi ile ya machozi.
Mnyweshe kidogo kidogo.
Yakibaki baada ya saa 24, mwaga.

Usibadili hesabu, maana chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Kisha mpeleke zahanati.

Zoezi

(a) Jaza: Maji yame____. Mama ame____ maji.
(b) Waambie watu wengi: Koroga uji. Usimwage maziwa.

Ukimaliza, msomee jirani asiyejua kusoma.

Majibu: (a) yamechemka, amechemsha. (b) Korogeni uji. Msimwage maziwa.