Kuboresha Unga wa Nafaka Nzima Usio na Gluteni

Mgonjwa wa siliaki hutakiwa kuacha ngano, shayiri na rai maisha yake yote, kwa kuwa gluteni iliyomo huchochea kinga ya mwili kuushambulia utumbo mdogo. Mtama, ulezi, uwele na mahindi ni nafaka zisizo na gluteni, hivyo huwa msingi wa mlo wake. Hata hivyo, utumbo uliojeruhiwa hufyonza madini ya chuma kwa shida, na wagonjwa wengi hugunduliwa wakiwa tayari na upungufu wa damu. Kwa hiyo haitoshi unga kuwa salama. Sharti madini yake yaweze kufyonzwa.

Kizuizi ndani ya punje

Nafaka isiyokobolewa hubaki na pumba na kiini, penye nyuzinyuzi, vitamini na madini. Humo humo mna fitati, ambayo hushikamana na chuma na zinki na kuzuia visifyonzwe. Ulezi na aina kadhaa za mtama zina tanini pia. Kukoboa hupunguza vizuizi hivyo, lakini huondoa na madini yenyewe. Iliyo bora ni kuiandaa punje kabla ya kuisaga.

Njia za kuandaa

Kuloweka: Punje zikikaa majini saa 12 hadi 24, sehemu ya fitati huyeyuka na kumwagwa pamoja na maji.

Kuotesha: Katika siku 2 hadi 3 za kuchipua, kimeng'enya cha fitasi huvunja fitati, na amilasi huvunja wanga. Ndiyo maana unga kidogo wa kimea ukikorogwa katika uji mzito uliopoa kiasi, uji hulainika bila kuongezwa maji. Mtoto mwenye tumbo dogo hupata chakula kingi zaidi katika bakuli lile lile. Uji huo uchemshwe tena kabla ya kunywewa.

Kuchachua: Katika togwa, bakteria wa asidi ya laktiki huongeza uchachu, fitati hupungua zaidi, na vijidudu vingi vya kuhara hushindwa kustawi.

Kukaanga: Joto hudhoofisha vimeng'enya vinavyochachisha mafuta ya kiini, na unga hukawia kuvunda. Kwa kuwa joto hilo huharibu pia fitasi na amilasi, kukaanga kuje mwisho, wala kusifanyiwe kimea cha kulainishia uji.

Tahadhari

Machipukizi ya mtama hubeba kemikali inayotoa sianidi. Kimea kikaushwe vizuri, mizizi na machipukizi yasuguliwe na kupepetwa, kisha unga upikwe. Punje zenye ukungu zitupwe, kwani sumukuvu haiondolewi na kupika kwa kawaida.

Mashine iliyotoka kusaga ngano huchafua unga. Chakula huhesabiwa kuwa hakina gluteni kikiwa na miligramu zisizozidi 20 kwa kilo, kiasi ambacho vumbi la ngano hukipita kwa urahisi. Kimea cha shayiri nacho kina gluteni.

Mhudumu wa afya amkumbushe anayeshukiwa kuwa na siliaki asiache ngano kabla ya vipimo, kwani majibu yanaweza kupotosha. Aliyethibitishwa aendelee kupimwa damu: unga ulioandaliwa vema husaidia, lakini hauchukui nafasi ya dawa za kuongeza chuma alizoandikiwa.