Saini ya Kubandika na Saini ya Kidijitali



Ofisi yetu iliwahi kupokea kwa barua pepe ankara ya mabati, ikiwa na oda yenye saini ya mwenyekiti wa kamati ya usharika mmoja. Tulipompigia simu, mwenyekiti alisema hajaagiza hata bati moja. Mtu alikuwa amekata picha ya saini yake kwenye barua ya zamani na kuibandika. Tulishukuru kwamba malipo yalikuwa bado.

Siku hizi makampuni mengi tunayofanya nayo kazi yanataka mikataba isainiwe kwa kompyuta. Kabla ya kukubali, tuelewe kwamba picha ya saini siyo saini ya kidijitali. Mwenye saini ya kidijitali ana funguo mbili, mmoja wa siri na mwingine wa wazi. Programu hufupisha waraka wote kuwa namba moja ndefu, kisha hutia saini juu ya namba hiyo kwa ufunguo wa siri. Mpokeaji huhakiki kwa ufunguo wa wazi. Mtu akibadilisha mabati 40 kuwa 400, uhakiki unakataa.

Hapa Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua saini ya kielektroniki iliyo salama, yaani imtambulishe mwenye saini, iwe chini ya udhibiti wake, na ifungamane na waraka kiasi kwamba badiliko lolote lionekane. Picha ya kubandika haifiki hapo.

Lakini hata ufunguo huibiwa. Mwaka 2000 Rais Bill Clinton wa Marekani alitia saini sheria ya saini za kielektroniki kwa kalamu, kisha kwa kadi ya kompyuta. Neno lake la siri lilikuwa Buddy, jina la mbwa wake, na watu wote wakalijua! Januari 2001 kampuni ya VeriSign, ambayo kazi yake ilikuwa kuthibitisha mwenye ufunguo ni nani, ilitoa vyeti viwili vya jina la Microsoft kwa mtu aliyejifanya mfanyakazi wa huko. Hesabu za kompyuta hazikukosea. Aliyekosea ni aliyethibitisha.

Kwetu sisi hatari iliyo karibu zaidi ni mhazini anayemwachia karani neno la siri ili kazi isikwame. Deni likija, kampuni itasema mhazini alisaini, mhazini atakana, na itakuwa vigumu kuonyesha mahakamani kwamba ufunguo ulikuwa chini yake peke yake.

Maswali ya kujadili katika kamati:

Nani ana picha ya saini ya mwenyekiti wetu kwenye kompyuta yake, na kwa ruhusa ya nani?

Mhazini akimaliza muda wake, nani atawaarifu wauzaji kwamba saini yake isikubaliwe tena?