Nyumba ya Kobe Mchanga: Mwongozo kwa Familia Zinazoishi Nchi za Baridi

Kobe wa madoa (Stigmochelys pardalis) ni mwenyeji wa nyika za Afrika Mashariki na Kusini. Hutegemea jua kupata joto na kivuli kujipoza, wala halali majira yote ya baridi kama kobe wa Mediterania. Akifugwa Ulaya au Amerika Kaskazini, kasha lake ndilo nyika yake: liwe na penye joto, penye ubaridi kiasi, na unyevu.

Kasha
Kobe wa sentimita 5 hadi 10 aanzie kwenye kasha la sentimita 120 kwa 60. Akikomaa huweza kupita sentimita 40, basi fikiria mapema atakapohamia. Kuta zisipitishe macho. Akiona nje hukwangua kutwa akitafuta njia. Funika sehemu kubwa ya juu, uache nafasi ya hewa.

Joto
Upande mmoja weka balbu ya joto yenye themostati: chini yake nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi. Upande wa pili uwe nyuzi 24 hadi 26. Usiku pasishuke chini ya 20. Pima pande zote mbili, usawa wa mgongo wa kobe.

Mwanga
Washa taa ya UVB (miale ya urujuanimno) kwa muda wa saa 12 kila siku. Bila miale hiyo mwili hautengenezi vitamini D3, kalsiamu haifyonzwi, na gamba hulainika. Jua la dirishani halifai kitu hapa, kwa kuwa kioo huizuia miale hiyo. Badilisha taa kwa muda uliotajwa na mtengenezaji hata kama bado inawaka. UVB huisha kabla ya mwanga.

Udongo na maji
Wengi hukausha kasha wakidhani nyika ni ukavu mtupu. Porini, kobe mchanga hujificha chini ya majani na nyasi, penye unyevunyevu. Akikosa unyevu, gamba huota vilima visivyoondoka. Tandaza sentimita 7 za udongo usio na mbolea, uliochanganywa na makumbi ya nazi, na unyevu hewani uwe asilimia 60 hadi 80. Mpe pango la kujifichia na sahani pana ya maji. Mara kadhaa kwa wiki mwogeshe dakika 15 katika maji vuguvugu yasiyofika kidevuni.

Chakula
Nyasi, majani ya magugu na ya haibiskasi, pamoja na unga wa kalsiamu. Matunda na nyama asipewe.

Usalama na sheria
Kobe hubeba salmonela: nawa mikono kwa sabuni, na watoto wa chini ya miaka 5 wasimshike. Spishi hii iko katika Kiambatisho II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini. Nunua aliyezaliwa kwa mfugaji, udai hati; usiokote kobe wa porini.

Kabla ya kumleta
Washa kila kitu siku mbili, mchana na usiku. Vipimo vikitulia, mlete.