Kasi ya Nini? Uteuzi wa Kiwambo na Vipuri vya Kompyuta ya Michezo Mombasa Bara

IKISIRI
Makala hii inashughulikia uteuzi wa vipuri na kiwambo vya kompyuta ya michezo inayoundwa nyumbani, kwa kurejelea mazingira ya Likoni, Kisauni na Changamwe. Hoja kuu ni kwamba mnunuzi hupotea kwa sababu mbili. Kwanza, huanza na kipuri kisichofaa kutangulia. Pili, maneno mawili ya Kiswahili, yaani kasi na kumbukumbu, yamebebeshwa maana nyingi mno dukani. Makala inapendekeza mnunuzi aanze na kiwambo na kurudi nyuma, na kila istilahi itaje kazi ya kifaa kinachorejelewa.

1.0 Utangulizi
Mombasa Bara ni sehemu za Mombasa zilizo nje ya kisiwa. Likoni iko kusini, ng'ambo ya kivuko. Kisauni iko kaskazini, ng'ambo ya Daraja la Nyali. Nayo Changamwe iko magharibi, ng'ambo ya Makupa. Katika sehemu zote tatu, michezo ya video si jambo geni. Vijana wengi waliijua kwanza kwenye vibanda vya kucheza kwa kulipia. Baadhi yao sasa wanataka kucheza nyumbani, kwenye mashine waliyoichagua na kuiunda wenyewe kipuri kwa kipuri.

Uamuzi huo una gharama. Fedha zinazotumika huwa ni akiba ya miezi mingi, na aghalabu kompyuta hiyohiyo ndiyo itakayotumiwa na ndugu mwingine kuandikia tasnifu au na mzazi kuwekea hesabu za duka. Kipuri kisichooana na vingine ni hasara kwa nyumba nzima. Ikumbukwe pia kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na Ibara ya 46 inampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili afaidi kikamilifu alichonunua. Swali linaloibuka ni hili: je, Kiswahili cha dukani kinayatoa maelezo hayo?

2.0 Maneno Mawili Yenye Mzigo Mzito
Juhudi za kukikuza Kiswahili katika uwanja wa kompyuta si za leo. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliohusishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Maneno kama faili, hariri na hifadhi yamezoeleka. Hata hivyo, juhudi za namna hiyo zilihusu zaidi yale yanayoonekana kwenye kiwambo. Yaliyomo ndani ya kasha hayakupata mkazo kama huo, na ndiyo mnunuzi wa vipuri anayoyalipia.

Kwa hiyo, muuzaji hutegemea maneno ya jumla. Tuchukue mazungumzo ya kubuni yafuatayo:

Muuzaji: Chukua hii, ndugu yangu. Ina kasi sana.
Mnunuzi: Kasi ya nini, kaka? Ya kiwambo ama ya kichakataji?
Muuzaji: Yote. Na ina kumbukumbu kubwa, mia tano.
Mnunuzi: Mia tano ni ya diski. Kumbukumbu ya kazi ni ngapi?

Mnunuzi huyu anajua kwamba neno kasi lina angalau maana tatu zinazopaswa kutenganishwa:

(a) Kasi ya kichakataji, yaani idadi ya mapigo yake kwa sekunde, ambayo hupimwa kwa gigahezi.
(b) Kasi ya kuhuisha picha, yaani mara ambazo kiwambo huchora picha upya kila sekunde. Hupimwa kwa hezi.
(c) Kasi ya mwitiko, yaani muda ambao nukta ya kiwambo huchukua kubadili rangi. Hupimwa kwa milisekunde, na hapa namba ndogo ndiyo bora.

Vivyo hivyo, neno kumbukumbu hutumiwa kwa vitu vitatu. Kuna kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita rami. Hii hushika kinachofanyiwa kazi kwa sasa na husahau kila kitu umeme ukizimwa. Kuna hifadhi ya kudumu, yaani diski, ambayo hutunza michezo na faili hata umeme ukikatika. Mwisho kuna kumbukumbu ya kadi ya picha, ambayo hutumiwa na kadi hiyo peke yake. Gigabaiti 500 za diski haziwezi kufidia upungufu wa gigabaiti 8 za rami. Anayeambiwa "kumbukumbu kubwa" bila kuelezwa ni ipi hajaambiwa lolote.

3.0 Kuanzia kwenye Kiwambo
Wanunuzi wengi huanza na kichakataji na kuacha kiwambo hadi mwisho, wakati fedha zimekwisha. Makala hii inashikilia kinyume chake. Kiwambo ndicho kinachoamua kadi ya picha itafanya kazi kiasi gani. Kadi huamua umeme unaohitajika. Na umeme huamua kifaa cha kuulisha pamoja na kasha.

Jambo la kwanza ni wingi wa nukta. Istilahi mwonekano, ambayo hutumiwa mara nyingi, haimwambii mnunuzi kitu cha kuhesabu. Wingi wa nukta unahesabika. Kiwambo cha 1920 kwa 1080 kina nukta 2,073,600. Cha 2560 kwa 1440 kina nukta 3,686,400, yaani takribani mara 1.8 ya kile cha kwanza. Cha 3840 kwa 2160 kina nukta 8,294,400, mara nne kamili. Kila nukta hukokotolewa na kadi katika kila picha. Hivyo, anayenunua kiwambo cha nukta milioni nane amejifunga kununua kadi ya bei kubwa, au kuridhika na michezo inayokwamakwama.

Jambo la pili ni kasi ya kuhuisha picha. Kiwambo cha hezi 60 huonyesha picha mpya kila baada ya milisekunde 16.7; cha hezi 144 kila baada ya milisekunde 6.9. Tofauti hii huonekana sana katika michezo ya mbio na ya kulenga shabaha. Hata hivyo, kiwambo hakiwezi kuonyesha picha ambayo kadi haijaichora. Kadi inayotoa picha 50 kwa sekunde haitageuka kuwa ya 144 kwa kuunganishwa na kiwambo cha hezi 144. Kwa sababu hiyo, inafaa kutafuta kiwambo chenye uwezo wa kufuata mwendo wa kadi, ambao kampuni ya AMD huuita FreeSync na Nvidia huuita G-Sync. Uwezo huo huzuia picha kuonekana kama imepasuliwa katikati.

Jambo la tatu ni aina ya paneli. Paneli za TN kwa kawaida ni za bei nafuu, lakini rangi zake hubadilika anayetazama akiketi pembeni. Paneli za VA zina weusi uliokolea na hufaa chumba chenye giza. Paneli za IPS huonyesha rangi vizuri kutoka pande zote, na hufaa nyumba ambamo ndugu watatu hutazama mchezo mmoja. Kwa chumba kinachoingiza jua, uso usiong'aa na mwangaza wa kuanzia niti 300 utamfaa mchezaji wa mchana.

Jambo la nne ni ukubwa. Nukta 1920 kwa 1080 huonekana safi kwenye inchi 24. Nukta hizohizo zikitandazwa kwenye inchi 27 huanza kuonekana mojamoja kwa anayeketi karibu. Wenye televisheni wanaweza kuitumia, mradi wawashe hali ya michezo iwapo ipo. Bila hivyo, televisheni nyingi huchelewesha picha kwa kuirembesha kwanza.

4.0 Kurudi Nyuma: Kutoka Kadi hadi Kasha
Baada ya kiwambo hufuata kadi ya picha. Kwa nukta 1920 kwa 1080, kadi za kiwango cha kati zinatosha. Kwa mfano, Radeon RX 6600, iliyotolewa mwaka 2021, ina kumbukumbu ya gigabaiti 8 na hutumia takribani wati 132. Mnunuzi wa kadi zilizotumika anapaswa kuwa macho. Mnamo Septemba 2022 sarafu ya kidijitali ya Ethereum iliacha mfumo wa uchimbaji uliotegemea kadi za picha, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikaingia katika soko la mitumba. Zipo pia kadi za kale zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kwa majina mapya. Kabla ya kulipa, omba kadi iwashwe, ichezeshwe mchezo kwa angalau nusu saa, na ikaguliwe kwa programu ya GPU-Z, ambayo huweza kuonyesha onyo iwapo kadi ni bandia.

Kipuri kinachofuata ni kichakataji, pamoja na ubao mama, ambao mafundi huuita madabodi. Viwili hivi ni kama kufuli na ufunguo. Kichakataji cha tundu la AM4 hakiingii kwenye ubao wa AM5, na ubao wa AM5 hupokea rami ya aina ya DDR5 pekee. Rami ya gigabaiti 16 ni kiwango cha busara, na vipande viwili vya 8 kwa kawaida hutenda kazi vizuri kuliko kipande kimoja cha 16, kwa kuwa ubao husoma njia mbili kwa pamoja. Kwa hifadhi, diski ya SSD, isiyo na sahani za kuzunguka, hufungua michezo haraka zaidi kuliko ile ya zamani.

Kifaa kinachodharauliwa kuliko vyote ni kile mafundi wanachokiita pawa saplai. Makala inapendekeza kiitwe kilisha-umeme, kwa kuwa jina hilo linataja kazi yake. Kilisha-umeme duni kinaweza kuunguza kila kilichounganishwa nacho. Jumlisha wati za kadi na za kichakataji, ongeza zile za vipuri vidogo, kisha uache nafasi ya kutosha.

Wapo wanaoanza na kompyuta za ofisi zilizotumika ng'ambo, maarufu kama eksi-UK. Njia hii ni nzuri kwa mwenye fedha chache, lakini ina mipaka. Makasha mengi ya aina hiyo ni membamba, na vilisha-umeme vyake aghalabu ni vya umbo la pekee na wati chache. Nafasi ya kadi kwenye ubao hutoa wati zisizozidi 75. Kadi kama GeForce GTX 1650 ya mwaka 2019 ina matoleo mafupi yanayotosheka na kiasi hicho; kadi ya wati 132 haitosheki. Aidha, viwambo vya kale vyenye tundu la VGA pekee haviunganiki moja kwa moja na kadi nyingi za kisasa, ambazo hutoa HDMI na DisplayPort.

5.0 Bahari, Joto na Umeme
Ushauri ulioandikiwa nchi za baridi hautoshi Pwani. Hewa ya Mombasa ina unyevu na chumvi ya bahari, na joto la Februari na Machi hupanda kupita nyuzi 30. Kipuri kinachopata joto kupita kiasi hupunguza mwendo wake chenyewe ili kisiungue. Mchezaji huona mchezo ukilegea na kudhani kadi ni mbovu. Kwa hiyo, kasha lenye uso wa matundu na feni za kuingiza na kutoa hewa ni bora kuliko lenye kioo kizima mbele. Karibu na ufuo, kama Likoni na Shanzu, chumvi hula vyuma. Kandokando ya barabara za malori za Changamwe, vumbi huziba feni. Usafishaji wa kila miezi mitatu ni wa lazima. Kasha lisiwekwe chini ya dirisha la upande wa bahari.

Umeme nao hukatika na kurudi kwa kishindo. Betri ya dharura, au walau kinga ya umeme ya kuaminika, iwekwe katika bajeti tangu mwanzo. Kompyuta inayotumia wati 300 kwa saa nne humaliza uniti 1.2 za tokeni kila siku; mwenye nyumba ana haki ya kulijua hilo kabla ya mashine kuwashwa.

6.0 Mfano wa Kuigwa
Tuseme kijana wa Chaani, Changamwe, anapenda michezo ya kandanda na mbio za magari. Anaanza na kiwambo cha inchi 24, nukta 1920 kwa 1080, paneli ya IPS, hezi 144. Kiwambo hicho kinamwelekeza kwenye RX 6600. Kadi hiyo inaendana vyema na kichakataji cha Ryzen 5 5600 cha wati 65, juu ya ubao wa AM4 na rami ya DDR4. Wati 132 na 65 ni 197. Akiongeza takribani 60 za vipuri vingine anafikia 257. Kilisha-umeme cha wati 500 cha mtengenezaji anayeaminika kinatosha na kusaza. Fedha zikimpungukia, atapunguza hezi za kiwambo au ukubwa wa diski, si ubora wa kilisha-umeme.

Anapopokea kiwambo, akikague kwa kukiwasha katika rangi moja nzima, nyeupe kisha nyeusi, ili nukta zilizokufa zijitokeze. Akisafirishe kikiwa kimesimama ndani ya boksi lake, hasa kwenye matatu au feri iliyojaa, na ahifadhi risiti inayotaja kila kipuri kwa jina na namba.

7.0 Hitimisho
Makala imeonyesha kwamba uteuzi mzuri huanza na kiwambo, na kwamba maneno kasi na kumbukumbu hayafai kutumiwa dukani bila kijalizo. Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, funzo ni kwamba istilahi hupimwa pale mtu anapotoa fedha zake. Madabodi na rami ni maneno ya mafundi yanayoeleweka, na hayana haja ya kufukuzwa. Kazi iliyobaki ni kuyaandika, kuyafafanua na kuyatenganisha maana, kwa kushirikiana na mafundi wa Likoni, Kisauni na Changamwe wanaoyatumia kila siku. Kuuliza si ujinga, lakini anayeuliza anahitaji maneno ya kuulizia.