KUWAKARIBISHA VIPEPEO BUSTANINI KWA CHAKULA KINACHOTENGENEZWA NYUMBANI

Bustani ya nyumba si pambo la ua peke yake. Ni mahala pa kupumzisha macho baada ya kazi, na kwa watoto ni skuli ndogo ya kujifunza maisha ya viumbe. Katika visiwa vya Unguja na Pemba, ambako joto na mvua hustawisha miti kwa sehemu kubwa ya mwaka, kipepeo anaweza kukaribishwa kwa gharama ndogo sana. Maelezo yafuatayo yamekusudiwa watumishi na wananchi wenye bustani, ua, au hata vyungu vichache vya maua barazani.

KIPEPEO ANAVYOKULA

Kipepeo hana meno. Kinywa chake ni mrija mwembamba ambao huukunja anapopumzika na kuukunjua anapotaka kunywa. Kwa hivyo chakula chake sharti kiwe majimaji. Wako vipepeo wanaotegemea maji matamu ya maua. Wako wengine, khasa jamii ya Charaxes, ambao hawayajali sana maua, bali hunywa maji ya matunda yaliyooza na utomvu wa miti iliyojeruhiwa. Aidha, madume wa jamii nyingi hukusanyika penye tope kunyonya chumvi. Kutokana na tofauti hizo, chakula cha bustanini ni vyema kiwe cha namna tatu.

1. Maji ya sukari. Sukari kijiko 1 ichanganywe na maji vijiko 10, ichemshwe mpaka iyayuke, kisha ipoe kabisa. Kipande cha dodoki kavu kiroweshwe humo na kuwekwa juu ya sahani yenye rangi nyekundu au ya manjano, kwani kipepeo huvutwa na rangi. Dodoki humpa mahala pa kusimama asije akazama. Maji hayo yabadilishwe kila siku, na dodoki lioshwe.

2. Matunda yaliyochacha. Zichukuliwe ndizi 2 zilizoiva hata maganda yakawa meusi, pamoja na kipande cha embe, papai au nanasi. Zipondwe, zitiwe kijiko 1 cha sukari guru, zifunikwe kwa kitambaa na kuwekwa kivulini siku 1 au 2 mpaka zitoe harufu ya uchachu. Chakula hicho ni cha wadudu. Kisiliwe na mtu. Kitiwe ndani ya kifuu cha nazi kilichotobolewa matundu madogo chini, na kifuu kining'inizwe kwenye tawi lenye kivuli chepesi, kimo cha kifua cha mtu mzima. Kamba ipakwe grisi ili sisimizi wasiteremke.

3. Mchanga wa chumvi. Sahani pana ijazwe mchanga, utiwe chumvi chembe chache, kisha urowanishwe. Mchanga uwe na unyevu tu. Maji yasisimame juu yake.

TAHADHARI KWA AFYA NA MAZAO

Wema kwa kipepeo usigeuke kuwa madhara kwa jirani. Kifuu cha nazi kinachotuamisha maji ya mvua ni mazalio ya mbu, akiwamo Aedes anayeeneza homa ya dengi. Katika joto, yai la mbu huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa siku 7 hadi 10. Hiyo ndiyo sababu ya kukitoboa kifuu, na ya kukiondoa kabisa pale kisipotumika tena.

Hatari ya pili ni nzi wa matunda. Tangu mwaka 2003 imefahamika kuwa nzi mgeni kutoka Asia, Bactrocera dorsalis, ameingia Afrika ya Mashariki, naye huharibu maembe na matunda mengine kwa kutaga mayai ndani yake. Tunda linaloachwa kuoza ovyo humlea. Kwa hivyo chakula cha matunda kisikae nje zaidi ya siku 2. Mabaki yafukiwe ardhini kina cha futi 2, na matunda yaliyoanguka chini ya miti yaokotwe na kufukiwa vivyo hivyo.

CHAKULA HUMWITA, JANI HUMWEKA

Jambo ambalo wenye bustani wengi hulisahau ni kwamba chakula cha sahani humwita kipepeo mzima tu. Atakunywa, kisha ataondoka. Hatazaa hapo isipokuwa umo mti ambao mtoto wake, yaani kiwavi, anaweza kuula majani yake.

Mfano ulio karibu ni kipepeo wa michungwa, Papilio demodocus, mwenye mbawa nyeusi zilizojaa madoa ya manjano. Hutaga mayai juu ya majani ya mlimau, mndimu na mchungwa. Kiwavi wake akiwa mchanga hufanana na kinyesi cha ndege, na kwa umbo hilo huepukana na maadui. Akikua huwa wa kijani, na akiguswa huchomoza pembe mbili zenye harufu kali nyuma ya kichwa. Baadaye hujifunga kwenye kijiti akawa pupa, na ndani ya pupa hugeuka kipepeo.

Mti mkubwa wa mlimau haudhuriki kwa viwavi wachache. Mche mdogo, hata hivyo, unaweza kumalizwa majani. Basi viwavi waondolewe kwa mkono na kuhamishiwa mti mkubwa. Kupulizia dawa si ufumbuzi, kwa kuwa dawa nyingi za wadudu hazichagui: huua kiwavi, kipepeo na nyuki pamoja. Anayepulizia dawa asubuhi na kuweka maji ya sukari jioni huwa anawaita wageni kwenye nyumba isiyokalika.

FAIDA YAKE

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Huko Gede, nchini Kenya, mradi wa Kipepeo ulioanzishwa mwaka 1993 umewawezesha wakulima waishio kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke kufuga vipepeo na kuuza pupa nchi za nje, na hivyo kupata sababu ya kuulinda msitu. Hapa Unguja, kituo cha vipepeo kiliundwa katika kijiji cha Pete, karibu na msitu wa Jozani, kwa lengo kama hilo.

Bustani ya nyumba haihitaji kufika huko. Wananchi wanahimizwa kuanza na kifuu kimoja, dodoki moja na mlimau mmoja usiopuliziwa dawa. Walimu nao wanashauriwa kuwaongoza wanafunzi kuandika tarehe ya kuonekana yai, kiwavi, pupa na kipepeo, ili elimu ya darasani ithibitike kwa macho.